Oili inadondoka chini ya gari, na kwenye stiki imezidi: nianze na lipi?

Swali: "Nilinunua gari la mtumba mwezi mmoja uliopita, injini ya petroli ya cc 1500, limetembea kilomita kama 140,000. Siku naletewa nilipima oili nje ya nyumba, penye mteremko kidogo, nikakuta iko alama ya juu. Wiki tatu baadaye, baada ya kilomita kama 1,500, nikapima tena kituo cha mafuta, dakika ileile niliyozima gari, nikakuta iko alama ya chini kabisa. Muda wote huo kila asubuhi nilikuwa nakuta matone matatu au manne sakafuni. Fundi akaongeza lita mbili. Leo ni siku ya kumi tangu aongeze: matone yamezidi, nikisimama nasikia harufu ya oili inayoungua, asubuhi mojamoja linatoa moshi wa bluu, na stiki ya kupimia inaonyesha oili imepita alama ya juu kwa karibu sentimita mbili, sawa na umbali wa kutoka alama hadi alama. Fundi mmoja anasema ni sili ya nyuma, lazima giaboksi ishushwe. Wa pili anasema niweke oili nzito, 20W-50, itaacha yenyewe. Wa tatu anasema gari la zamani lazima livuje. Nitengeneze, niache, au niliuze?"

Ndugu msomaji, kabla ya sili, kabla ya giaboksi na kabla ya kutafuta mnunuzi, nakuomba usiliendeshe gari hilo mpaka oili iliyozidi itolewe. Nalisema mapema kwa sababu hapo una matatizo mawili: moja lilikuja na gari, jingine limemiminwa na fundi. Sasa yamechanganyika, na dalili za hili zinasingiziwa lile. Mkianza kufungua vyuma leo mtatibu la pili mkidhani ni la kwanza.

Tuanze na matone, maana ndiyo yaliyokutia hofu. Tone la oili ni dogo: matone 20 hadi 30 hivi ndiyo hujaza mililita moja. Matone manne kila usiku kwa siku 21 ni matone 84, yaani mililita tatu au nne. Hayajazi kijiko cha chai. Wewe unasema imeshuka kutoka alama ya juu hadi ya chini, yaani karibu lita nzima, mililita 1,000. Kwa hiyo doa la sakafuni, pamoja na usingizi wote lililokunyima, halifikii hata sehemu moja ya mia ya oili iliyoondoka. Nyingine imekwenda wapi? Huenda ilivuja wakati injini inafanya kazi, oili ikiwa ya moto, nyepesi na yenye presha, ikapeperushwa na upepo wa barabarani kabla hujaegesha. Huenda iliungua ndani ya silinda ikatoka na moshi. Au haikupotea yote, ila vipimo vyako viwili havikupima kitu kimoja.

Hili la mwisho watu hulicheka, lakini mimi huanza nalo. Injini ikiwa inazunguka, sehemu kubwa ya oili iko juu: kwenye silinda hedi, kwenye njia zake nyembamba, kwenye kuta za ndani. Ukizima, huteremka taratibu kurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Ukichomoa stiki dakika ileile, unahesabu watu wa nyumba wakati nusu yao bado wako njiani. Kipimo cha kituo cha mafuta, basi, kilisoma chini kuliko ukweli. Kile cha kwanza ulikichukua kwenye mteremko, na kwenye mteremko oili hukusanyika upande mmoja wa sampu; kama stiki iko upande huo, inasoma juu. Weka makosa hayo mawili pamoja, moja limepandisha na jingine limeshusha, na sehemu ya lita yako iliyopotea inayeyuka kwenye hesabu. Sisemi yote. Kuna kitu kinapotea, ila hatujui ni kiasi gani, na mtu aliyemimina lita mbili bila kuchomoa stiki hakujua pia.

Namna ya kupima ni hii. Egesha mahali tambarare kabisa, injini ikiwa imeshapata moto wa kawaida. Zima, subiri dakika tano hadi kumi. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa safi, irudishe mpaka mwisho wake, kisha ichomoe tena na ndipo usome. Mchomoo wa kwanza hausomwi kwa sababu oili imejipaka ndani ya bomba la stiki na inakudanganya. Geuza usome pande zote mbili. Zikitofautiana, amini upande unaosoma chini. Oili mpya ina rangi ya asali na haionekani vizuri kwenye chuma kinachong'aa, kwa hiyo ilaze stiki juu ya karatasi nyeupe: pale ilipogusa utaona ukingo wa unyevu kwenye karatasi. Unachotafuta ni ukingo ule. Madoa yaliyopanda juu zaidi ni ya kusuguana na bomba.

Alama zenyewe huwa ni MIN na MAX, au L na F, au matundu mawili, au eneo lenye mistari ya kukatana. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwenye magari mengi madogo, ni karibu lita moja. Na popote kati ya alama hizo injini iko salama. Si lazima ikae juu kabisa, na hakuna zawadi ya kuigusa alama ya juu kila Jumapili. Kitabu cha gari kina neno la mwisho, maana kuna injini ambazo mtengenezaji anataka zipimwe zikiwa baridi, na kuna magari mapya yasiyo na stiki kabisa, kipimo kinasomwa kwenye dashibodi. Tofauti ya baridi na moto ipo: oili ikipanda joto kwa nyuzi 60 hutanuka karibu asilimia 4, na kwa injini yenye lita nne hiyo ni zaidi ya mililita 150. Ndiyo maana nasisitiza upime kwa hali ileile kila mara. Jambo jingine, kama gari lako ni la otomatiki na giaboksi ina stiki yake, usizichanganye. Mafuta ya giaboksi kwa kawaida ni mekundu, na kwenye magari mengi hupimwa injini ikiwa inaunguruma. Nimeshaona oili ya injini imemiminwa kwenye giaboksi kwa sababu tu stiki ile ndiyo iliyokuwa karibu na mkono.

Sasa hiyo lita ya ziada. Wengi wanaamini oili ikizidi ni akiba, kama maji kwenye tangi. Ndani ya injini haiko hivyo. Krenki, mhimili mkuu wa injini, inazunguka juu tu ya uso wa oili, na sampu imeundwa ili visigusane. Ukienda mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 50 kila sekunde. Ikianza kuchapa oili kwa kasi hiyo inafanya kile mchapo wa mayai unachofanya kwenye bakuli. Oili inajaa povu. Povu ni hewa, na pampu inayovuta povu inapeleka hewa kwenye beringi zinazohitaji utando wa oili. Mara nyingine unasikia tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, zinapiga kelele ingawa oili imejaa, na mwenye gari anaongeza tena.

Wakati huohuo hewa iliyo ndani ya injini inakosa nafasi. Presha inapanda na kusukuma oili kutoka popote penye udhaifu: sili iliyochoka kidogo, gasketi iliyokauka, hata mdomo wa stiki yenyewe. Sehemu nyingine inapita kwenye valvu ya PCV, ile inayonyonya mvuke wa ndani ya injini na kuurudisha kwenye njia ya hewa, inaingia kwenye silinda na kuungua. Hapo unapata moshi wa bluu, plagi chafu, na kama hali ikidumu, katalisti ya ekzosi, ile inayosafisha moshi, inaharibika. Tazama dalili zako tatu mpya: matone yamezidi, harufu ya kuungua, moshi wa bluu. Zote tatu zinaweza kuzaliwa na lita hiyo moja. Huenda si zote, lakini huwezi kujua ipi ni ipi mpaka uitoe.

Nisikutishe kupita kiasi: mililita 100 au 200 juu ya alama si msiba, na injini nyingi zimetembea hivyo miaka bila kulalamika. Lita nzima ni habari nyingine. Kama ungeniuliza utoe kidogo kwa bomba la kunyonyea kupitia tundu la stiki au umwage yote, ningesema mwaga yote. Hujui muuzaji aliweka oili gani, hujui fundi ameongeza ipi, na hujui filta ina umri gani. Mwaga, weka filta mpya na washa mpya (kile kipete cha kuzibia) kwenye nati ya kumwagia, kisha jaza kiasi na aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Injini nyingi za ukubwa wa yako huchukua kati ya lita tatu na nne na nusu. Weka pungufu kidogo ya kiasi hicho, washa dakika moja, zima, subiri, pima, ndipo umalizie kidogokidogo. Kuongeza ni kazi ya sekunde. Kupunguza unaijua sasa.

Wakati filta inafunguliwa, simama hapohapo uangalie kitu kimoja. Filta ya zamani ina mpira wa duara kwenye mdomo wake, na wakati mwingine mpira huo hubaki umeng'ang'ania kwenye injini. Fundi mwenye haraka anafunga filta mpya juu yake, mpira juu ya mpira. Inashika siku mbili tatu, halafu siku unayoondoka kwa kasi inaachia, na oili karibu yote inamwagika barabarani ndani ya dakika chache. Pitisha kidole kwenye kiti cha filta. Kikiwa laini na kitupu, sawa.

Baada ya hapo ndipo tunaanza kutafuta uvujaji wako halisi, na kanuni yake moja kubwa ni kwamba oili huteremka na huenda nyuma. Mvuto unaishusha, upepo wa mwendo unaisukuma kuelekea nyuma ya gari. Mahali inapodondokea ni mahali pa mwisho wa safari yake. Asili yake itafute juu na mbele.

Somo hilo nililipia. Nikiwa bado kijana kwenye kazi hii niliona oili imelowesha maungio ya injini na giaboksi, nikatangaza sili ya nyuma ya krenki kwa sauti ya mtu anayejua. Nikashusha giaboksi, nikabadilisha sili, nikarudisha, kazi ya siku nzima na mgongo. Baada ya siku tatu mwenye gari alirudi. Hakugomba. Alitoa kipande cha katoni kwenye buti akakiweka mbele yangu, kina matone matano yaliyokauka kwa safu, palepale yalipokuwa zamani. Gasketi ya kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa imepasuka kona ya nyuma, isikoonekana bila kioo; oili ilishuka nyuma ya injini kimyakimya na kujikusanya pale kwenye maungio. Kuibadilisha hakukumaliza saa moja. Tangu siku ile sikubali neno "sili ya nyuma", hata kutoka kinywani mwangu, mpaka sehemu yote ya juu iwe imethibitishwa kuwa kavu.

Kwa hiyo osha. Injini ikiwa baridi, nyunyiza dawa ya kuyeyusha grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya kawaida bila mashine ya presha, ukiwa umefunika altaneta, kisanduku cha fyuzi na njia ya hewa kwa nailoni. Iache ikauke vizuri. Kisha pakaza poda nyeupe, hata ile ya mtoto, kwenye maungio unayoyashuku: ukingo wa kava ya tapeti, eneo la filta, swichi ya presha ya oili, ukingo wa sampu. Washa robo saa au zunguka mtaani, zima, chukua tochi na kioo kidogo. Palipovuja, poda hubadilika kuwa mstari mweusi, na ncha ya juu ya mstari ndiyo jibu. Kama uvujaji ni mdogo mno, gereji nyingi zina rangi maalumu inayochanganywa na oili na kung'aa chini ya taa ya zambarau. Unatembea siku mbili unarudi, na njia nzima inaonekana kama imechorwa.

Usiku tandika katoni kubwa chini ya injini na uchore magurudumu ya mbele yalipo. Asubuhi soma rangi. Oili ya injini ni kahawia au nyeusi na inateleza. Nyekundu ni ya giaboksi ya otomatiki au ya stelingi. Maji ya rejeta huwa ya kijani, waridi au rangi ya chungwa, na yana harufu tamutamu. Mafuta ya breki ni mepesi, ya manjano hafifu, na mara nyingi utayakuta karibu na gurudumu. Hayo ukiyaona hakuna cha kusubiri, gari haliendeshwi. Maji matupu ya wazi ni ya kiyoyozi, yaache.

Kwa umri wa gari lako na harufu ya kuungua unayoisimulia, ningeweka dau langu kwenye gasketi ya kava ya tapeti. Ni mpira unaokaa juu ya sehemu yenye joto kali, mwaka baada ya mwaka, hadi unakuwa mgumu kama plastiki na kuacha kubana. Kwenye injini nyingi ekzosi manifoldi iko chini yake moja kwa moja, ndiyo maana unanusa ukisimama: gari likitembea upepo huichukua harufu, likisimama inapanda kwako. Chomoa plagi moja uangalie shimo lake. Ukikuta limelowa oili, sili za matundu ya plagi nazo zimeisha, na hubadilishwa pamoja na gasketi hiyo. Onyo kwa atakayefunga: bolti za kava ni ndogo na huhitaji nguvu kidogo sana, mara nyingi karibu nyutoni-mita 10, zikazwe kwa zamu kutoka katikati kwenda nje. Anayezibana kwa hasira anaipinda kava, na gasketi mpya inavuja kuliko ile ya zamani. Na silikoni isipakwe kama siagi. Ile inayofinyika kwenda ndani hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la pampu kwenye sampu.

Sehemu nyingine nitazipitia haraka. Swichi ya presha ya oili huvuja kupitia katikati yake, na ukichomoa soketi ya waya ukakuta oili ndani, umeipata. Nati ya kumwagia iliyokosa washa mpya. Gasketi ya sampu. Sili ya mbele ya krenki na za kamshafti. Hizi zichukue kwa uzito kama injini yako ina taimingi belti, maana belti iliyolowa oili inaharibika mapema, na ikikatika kwenye injini ambazo valvu na pistoni hutumia nafasi moja, zinagongana.

Ila kabla ya kununua sili yoyote, kagua ile valvu ya PCV na mpira wake. Ikiziba, injini haipumui, na hata sili mpya itasukumwa nje kama ile ya zamani. Mtihani wake ni rahisi: injini ikiunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili, tandaza nailoni nyepesi juu ya tundu. Kwenye injini nyingi nzima nailoni hunyonywa kidogo au hutulia. Ikivimba kama puto, ndani kuna presha. Badilisha valvu, ambayo ni kipuri kidogo, rudia mtihani. Ikiendelea kuvimba, huenda ringi za pistoni zinapitisha gesi, na hapo unahitaji fundi mwenye geji ya kupima komprisheni, yaani mbano ndani ya silinda.

Fundi wako wa kwanza anaweza kuwa sahihi kuhusu sili ya nyuma, sijaliona gari. Lakini mwambie akuonyeshe. Baada ya kuosha, kama juu ni kavu kabisa, nyuma ya silinda hedi ni kavu, ukingo wa sampu ni mkavu, na bado oili inatoka kwenye tundu la chini la maungio ya giaboksi, basi ana haki. Hata hapo kuna busara ya kusubiri: kama ni matone machache na klachi haitelezi, wengi hungoja siku giaboksi itakaposhushwa kwa sababu nyingine. Na mkiingia chini ya gari kuangalia, liwe juu ya stendi imara, kamwe si jeki peke yake.

Wa pili, wa oili nzito, anakupa dawa ya kikohozi kwa mtu aliyevunjika mguu. Oili nzito huvuja polepole zaidi, ni kweli, lakini injini iliyoundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30 ina njia nyembamba, na asubuhi ikiwashwa baridi oili nzito inachelewa kufika juu, wakati ambao ndio injini huchakaa zaidi. Kama kitabu chako kinaruhusu namba mbili au tatu, kuchagua iliyo nzito kati ya hizo ni halali. Kuruka hadi 20W-50 bila ruhusa ya kitabu, hapana. Dawa za chupa za kuzuia uvujaji hufanya mpira wa sili uvimbe na kulainika. Zinaweza kukusogeza miezi michache kwenye sili iliyokauka, hazisaidii gasketi iliyopasuka, na ukizidisha mpira unalegea kabisa. Utasikia pia kwamba oili ya sinthetiki ndiyo inayovujisha magari ya zamani. Mara nyingi inachofanya ni kusafisha tope lililokuwa limeziba mahali palipokwisha kuchakaa siku nyingi.

Wa tatu ana nusu ya ukweli. Injini ya kilomita 140,000 kutoa jasho, yaani unyevu wenye vumbi ambao haukusanyiki kuwa tone, si ugonjwa. Futa, endelea. Tone ni hatua ya kufuatilia. Oili inayogusa ekzosi hairuhusiwi kwa umri wowote wa gari, kwa sababu mvuke wa oili hushika moto kuanzia nyuzi 200 na kitu, na manifoldi ya ekzosi huweza kupita 500.

Kuhusu moshi wa bluu, usihukumu bado. Njia ya hewa imeshapakwa oili na lita ya ziada, na itaendelea kuitema kwa siku kadhaa hata baada ya kurekebisha kiwango. Zikipita wiki mbili na bado moshi unatoka asubuhi tu, mara unapowasha, kisha unakatika, nashuku sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta kwa nguvu, nashuku ringi. Ili kujua gari linakula kiasi gani, jaza hadi alama ya juu kwa kipimo sahihi, andika kilomita, na upime kila Jumamosi mahali palepale. Baada ya kilomita 1,000 utakuwa na namba. Wapo watengenezaji wanaokubali hata nusu lita kwa umbali huo. Kukiwa hakuna uvujaji unaoonekana na namba imezidi hapo, oili inaungua. Na stiki ikipanda badala ya kushuka, bila wewe kuongeza, hilo ni baya kuliko kupungua: kuna petroli au maji ya rejeta yanaingia. Oili ya rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki inamaanisha maji. Utando mwembamba wa namna hiyo chini ya kifuniko peke yake, kwa gari la safari fupifupi, mara nyingi ni mvuke tu.

Usiitegemee taa ya dashibodi ikulinde. Ile nyekundu yenye picha ya kopo inapima presha, haipimi kiwango. Ikiwaka, pampu imeshaanza kukosa cha kuvuta. Egesha na zima palepale, usijipe hata "nifike nyumbani". Vivyo hivyo ukisikia injini inagonga, ukiona moshi chini ya boneti, au oili inatiririka badala ya kudondoka. Hapo ita gari la kuvuta. Injini iliyonoki hairudishwi na gasketi.

Umeuliza kama uliuze. Kwa ulichoniandikia, hapana, au tuseme si kabla ya zile kilomita 1,000. Ikitokea kuwa ni kava ya tapeti na PCV, una gari zima lenye gasketi chakavu. Ikitokea ni ringi, na linakula, tuseme, robo tatu ya lita kwa kila kilomita 1,000, unaweza kuliendesha miaka kwa kuongeza na kupima, au kulifungua, au kuliuza ukimwambia mnunuzi namba uliyoipata. Muuzaji wako hakukwambia kitu. Labda hata yeye alipimia mtelemkoni.

Doa la sakafuni limwagie maranda ya mbao, yakanyage, yaache hadi kesho yake ndipo uyafagie, halafu sugua kwa sabuni ya unga na maji kidogo. Usilisukumie mtaroni. Unahitaji sakafu safi, maana tone la kesho ndilo tutakalolisoma.